Kinu Kilichotutangulia Nyumbani

Kinu cha shangazi Somoe bado kipo uani kwake Mtunda, kimelazwa ubavu kando ya ukuta wa jiko, na kuku mmoja mwekundu anatagia ndani yake. Nilikiona asubuhi ya kuanua tanga lake, wakati wanawake wanakunja mikeka na kutenga masufuria ya kuazima, nikashindwa kupita. Nilichuchumaa nikapitisha kidole kwenye ule ufa mrefu unaoanzia mdomoni na kushuka hadi kiunoni. Nesi Neema akaja kusimama nyuma yangu. Alikuwa amesafiri kutoka Mbeya kuja kumlilia mwanamke ambaye hakuwa ndugu yake kwa damu wala kwa dini, na siku zote za msiba hatukuwa tumesema lolote la maana. Tuliosha vyombo tu, bega kwa bega. "Ufa umebaki vilevile," alisema. Nikamjibu, "Ungeenda wapi, dada?" Tukacheka kidogo. Halafu, bila kupanga, wote wawili tukageuza shingo kutazama upande wa korongo, kama watu waliosikia mlango ukigongwa.

Watu wanaosoma vitabu vyangu huniuliza kwa nini kila mara yumo mtu anayebisha hodi na hafunguliwi. Huwajibu majibu ya kisomi, na wao huridhika. Jibu lenyewe liko hapa, katika mwaka mmoja tu niliokaa kwa shangazi, nikiwa na miaka kumi na saba, nimefeli hesabu, nasubiri kurudia mtihani. Chumba changu kilikuwa cha mwisho kwenye ukumbi, chenye dirisha dogo la mbao lililotazama miti, na kilinuka ukili mbichi kwa sababu shangazi alihifadhi humo majani ya miyaa ya kusukia mikeka. Chumba cha pili alikipangisha kwa Neema, nesi wa zahanati, msichana mrefu mwenye sauti ya chini, ambaye jioni akitoka kazini alivua viatu, akala muhogo wake wa kuchemsha akiwa wima, akavaa darubini shingoni na kwenda kutazama ndege.

Kijijini hilo lilikuwa jambo la kuchekesha sana. Kwetu ndege huamiwa: mpunga ukianza kukomaa watu hushinda shambani wakipiga makopo, wakirusha udongo kwa kombeo, wakipiga kelele mpaka sauti zinakauka, ili ndege wasishuke. Mtu anayenyamaza ili ndege wasiondoke walimwona kama anayemwaga maji kisimani. "Nesi," Bi Pili, jirani yetu, alimwambia siku moja barazani, huku vidole vyake vikisuka bila yeye kuvitazama, "ukitaka kutazama ndege si upande gari ukatazame kule uwanja wa ndege Dar?" Wanawake wakaangua kicheko. Neema naye akacheka, akasema, "Wale hawatagi, Bi Pili." Bi Pili akapiga paja: "Haya, huyu nesi ana mdomo kumbe!" Nilimpenda Neema kuanzia hapo. Nikaanza kumfuata jioni. Alinifundisha kusimama bila kuhamisha uzito, kupumua kwa mdomo, kutanguliza sikio kabla ya jicho. Nikajua mdiria na hondohondo, nikajua keremkerem anavyorudi kwenye tawi lilelile kila akimdaka nyuki. Nilidhani huo ndio utakaokuwa mwaka wangu: ndege, na wali wa nazi na kambale wa kukausha, na kitabu cha hesabu nilichokifungua na kukifunga.

Kisha akaja simba. Alianza na mbuzi, kama kawaida yao. Halafu akamchukua Mbwana, kijana aliyekuwa akilinda shamba lake la mlau, yale mazao tunayopanda maji ya mafuriko yakishapungua. Mbwana alikuwa amelala juu ya dungu, kibanda cha miti mirefu tunachojenga shambani ili tulale juu ya wanyama. Asubuhi walikuta ngazi imesimama na shuka linaning'inia. Baada ya hapo hakuna aliyemtaja simba kwa jina jua likishatua. Walisema "mgeni." Mgeni kapita kwa fulani. Mgeni hakula jana. Na nilipokuwa nimelala chumbani, mikeka ikisukwa upande wa pili wa ukuta, nilisikia maneno ambayo hayakusemwa mbele yangu. "Huyo si wa Mungu. Huyo ametumwa." "Ametumwa na nani?" "Wewe nawe! Anayetumwa huwa na mtu wa kumwonyesha njia. Nani anaingia porini kila jioni na vioo machoni?" Kisha nikasikia sauti ya shangazi, ya upole iliyonyooka kama uzi: "Nesi wangu huyo usimtie kinywani, Pili. Mimi nilipougua, alikesha na mimi." Na Bi Pili akajibu, "Sijamtaja mtu, dada. Nimesema tu."

Mwenyekiti wa kitongoji akaweka utaratibu, na utaratibu huo ndio kiini cha haya yote. Kila magharibi, kila nyumba ihesabu watu wake. Wakitimia, mwenye nyumba atoke uani apige kinu kitupu kwa mchi, mara tatu, kisha aingie afunge. Nyumba itakayokaa kimya, wanaume watatoka kwa mienge na makopo kumtafuta aliyepungua. Na vinu vikishalia vyote, hakuna kufungua mlango mpaka alfajiri, hata aitwe nani, hata kwa sauti ya nani. Kwa sababu ilishaenea kwamba mgeni huita watu kwa majina, kwa sauti za watoto wao. Basi ikawa magharibi kijiji kinazungumza kwa vinu. Kinu cha Bi Pili, nyumba ya kwanza upande wa korongo, kilikuwa kizito kama mlango wa boma. Cha mwenyekiti kilikuwa chembamba. Chetu kilikuwa na ufa mdogo mdomoni, kikatoa sauti iliyokatika, kama mzee anayekohoa. Shangazi alipourudisha mchi ukutani alisema, kwa sauti ya mtu anayemaliza sala, "Nyumba imetimia." Ndipo tulipokula. Kabla ya hapo hakuna aliyegusa chakula.

Mwishoni mwa kiangazi Neema alipata uhamisho. Na wiki hiyo hiyo, alfajiri, tukaanza kumsikia bundi. Si bundi wa kwenye mapaa. Huyu alilia kutoka korongoni, kilio kirefu kinachoshuka, kama mtu anayetumbukia kisimani na kisima hakina mwisho. Shangazi alitema mate pembeni akasoma dua. Neema aliketi kitandani, macho yamemtoka kwa furaha. Alisema huyo ni bundi anayevua samaki, mkubwa, rangi ya kutu. Kwamba tangu chuo cha uuguzi ameota kumwona, na kwamba kule anakohamia hakuna mito ya namna hii. "Mama," alimwambia shangazi wakati wa chai, "naomba jioni moja tu. Tutarudi jua lingalipo." Shangazi alimtazama muda mrefu. "Watu wanamkimbia bundi, wewe unamfuata kwa miguu yako?" Shangazi akamenya kiazi chake, akakigawa vipande viwili, akamwekea kimoja. "Tangu uje hapa hujaniomba kitu. Nendeni. Lakini jua likigusa ile mikorosho, mwe mmeshafika hapa uani. Na msipite kwa Pili. Piteni nyuma." Mimi nilisikia ruhusa tu. Leo, nikilikumbuka lile "piteni nyuma," nasikia kwamba alikuwa akiogopa vitu viwili, na simba alikuwa kimojawapo.

Tulishuka baada ya alasiri. Msitu wa kiangazi ulikuwa umekonda, majani yamekauka yakilia chini ya nyayo hata ukitembea kwa ncha za vidole. Hondohondo wawili walipita juu yetu wakipiga mbawa kwa sauti ya nguo inayokung'utwa. Neema hakuwatazama. Alikwenda mbele, mkono mmoja umeshika darubini isigonge kifua. Korongo lenyewe ni ufa ambao maji ya masika huuchimba kwenda mtoni. Kiangazi hubaki madimbwi tu, na mwaka ule lilikuwa limebaki dimbwi moja chini ya mkuyu mkubwa. Samaki wote waliokwama walikuwa humo. Ndiyo maana bundi alikuja. Hatukulifikiria jambo hilo mpaka mwisho: kwamba palipobaki maji mahali pamoja tu, kila chenye kiu kinakuja papo hapo. Tulishuka kwa kushika mizizi. Chini kulikuwa na baridi kama ya chumba ambacho hakijafunguliwa, na harufu ya tope na tini zilizooza. Tukajibanza nyuma ya mzizi uliosimama kama ukuta, magoti kifuani.

Jua liligusa mikorosho, naamini. Sisi tulikuwa shimoni, hatukuliona. Mwanga ulikuwa unaondoka kutoka chini, ukipanda shina la mkuyu kama maji yanayojaa. Nilimgusa Neema bega. Alitikisa kichwa: kidogo tu. Ndipo tawi likaongezeka. Sijui kusema vingine: palikuwa na tawi, kisha palikuwa na tawi na umbo kubwa juu yake, rangi ya kutu, macho meusi matupu, miguu mitupu isiyo na manyoya. Alitazama maji. Sisi tulimtazama yeye. Neema alikuwa analia bila sauti, machozi yanashuka hadi kidevuni na hayapangusi. Akaruka, miguu mbele, maji yakafumuka mara moja, na akarudi na samaki anayepinda. Hakumaliza kumla. Aligeuza kichwa kutazama ng'ambo ya dimbwi, penye giza, akaachia tawi na kuondoka na samaki wake, na mbawa zake hazikutoa sauti yoyote.

Kilichofuata kilikuwa sauti ndogo sana. Chapu. Chapu. Chapu. Nikadhani ni mbwa anakunywa. Lakini mbwa hunywa kwa haraka, kama mwizi. Huyu alikuwa hana haraka na mtu. Alikunywa, akapumzika, akanywa tena, na katikati ya mapumziko nilisikia pumzi yake ikitoka puani, nzito, ya mtu aliyetua mzigo. Hatukumwona. Palikuwa na giza na maji, na maji yalikuwa yakitutumia miviringo midogo, mmoja baada ya mwingine, ikafika mpaka kwenye mzizi wetu. Nilimuuma Neema mkono ili nisipige kelele. Alama ile anayo mpaka leo. Alinionyesha jana, jikoni.

Nikajiambia: tulia. Muda si mrefu vinu vitalia. Kwetu kutakuwa kimya. Watakuja na moto, na makopo, wanaume wote, mgeni atakimbia. Nilikishikilia kile kimya cha kwetu kama kamba. Na kweli, kutoka juu, mbali, kinu cha Bi Pili kikalia, kizito. Kikafuata kingine, na kingine, na kile chembamba cha mwenyekiti. Ng'ambo ya dimbwi unywaji ukakoma. Kisha, waziwazi kabisa, mara tatu, kama mzee anayekohoa, nikasikia kinu chetu.

Neema alinigeukia. Sikuuona uso wake, ila niliona weupe wa macho. Kijiji kizima kilikuwa kimeambiwa tuko ndani. Milango ilikuwa inafungwa hivi sasa, makomeo yanasukumwa, na sisi tulikuwa tumeshafika nyumbani, tumeketi, tunakula. Hakuna aliyepungua. Hakuna atakayekuja. Na yule mnywaji hatukujua tena yuko wapi.

"Simama," Neema alinong'ona. "Taratibu. Usikimbie. Ukikimbia umejitaja." Tulipanda kwa mizizi upande wetu, tukatoka kwenye uwazi wa mashamba ya mlau, giza limeshika. Tulitembea tumeshikana mikono, na nyuma yetu majani makavu yalilia mara moja, yakanyamaza, yakalia tena. Tukisimama, yanasimama. Sikuwahi kujua shingo ya mtu inaweza kusikia. Mwaka ule nilijua. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Bi Pili. Tuliambiwa tusipite hapo, lakini hapo palikuwa na mlango.

"Hodi! Bi Pili! Ni mimi, Mwaju!"

Kisha sauti ya mtoto ndani: "Mama, ni Mwaju."

"Mwaju yuko kwao," Bi Pili akasema, kwa sauti niliyokuwa siijui. "Kinu chao kimelia. Nyamaza."

"Ni mimi kweli! Bi Pili, fungua!"

"Bi Pili, ni nesi," Neema akasema, mdomo umegusa mbao. "Ni mimi niliyekuzalisha. Mtoto wako wa mwisho, mimi ndiye niliyempokea. Tafadhali."

"Nesi naye yuko kwao." Tukasikia kitu kizito kikiburutwa kuja kuegemezwa mlangoni, na nyuma ya kitu hicho Bi Pili akaanza kusoma Ayatul-Kursi kwa sauti inayotetemeka, anakosea, anarudia. Alituogopa. Mwanamke aliyekuwa akinisuka nywele alikuwa upande wa pili wa ubao mmoja, anamwomba Mungu amwepushe na mimi. Na kwenye zizi lake, hatua chache kutoka tuliposimama, mbuzi waliokuwa wanahangaika wakanyamaza wote kwa pamoja.

Ndipo kinu kikalia. Kile cha kikohozi. Hakikulia mara tatu. Kililia, kikalia, kikalia, bila hesabu, kwa nguvu ambayo hakuna mtu anayetwanga huitumia, na juu ya mlio huo sauti ya shangazi Somoe, ambaye sikuwahi kumsikia akipandisha sauti hata kwa kuku: "Nyumba yangu haijatimia! Jamani, nimewadanganya! Haijatimia! Watoto wangu wako nje!"

Tulikimbia kuelekea sauti ile. Sikujali tena kujitaja. Nyumba baada ya nyumba makomeo yakavutwa, mienge ikawaka, makopo yale ya kuamia ndege yakaanza kupigwa, kelele zote za msimu wa mpunga zikaamka kwa mara moja. Tulimkuta uani, peke yake, mlango nyuma yake wazi, kanga ya kichwa imeanguka, mchi umeinuliwa juu. Alituona na bado akapiga mara nyingine mbili, kana kwamba mikono haikuwa imepata habari. Asubuhi tuliona kinu kimepasuka mpaka kiunoni. Na kando ya zizi la Bi Pili, kwenye mchanga, tuliona nyayo. Mwenyekiti alizifunika kwa ungo ili watoto wasizikanyage. Ungo haukubakiza nafasi kubwa pembeni.

Siku hiyo walimwekea kikao. "Somoe, ulipiga kinu watu wako wakiwa nje," mwenyekiti alisema, bila ukali, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Ulijua?" Angeweza kusema alituona tukija. Angeweza kusema alidhani tumelala. Alisema, "Nilijua." Bi Pili, aliyeketi na macho yamevimba, akauliza, "Sasa kwa nini, dada?" Shangazi alimtazama, nasi sote tukaona akimtazama, mpaka Bi Pili akainamisha uso na kuanza kuvuta uzi kwenye mkeka. Kuanzia magharibi hiyo hadi simba alipouawa, kinu chetu kilipolia, mwenyekiti alimtuma mtu kuja kutuhesabu kwa macho. Shangazi aliwakaribisha wahesabuji kwa heshima zote, akawasogezea kigoda. Alikuwa mtu ambaye neno lake lilikopesheka kijiji kizima. Alimaliza mwaka ule akiwa mtu wa kuhakikiwa.

Sisi alituambia usiku wa mwisho wa Neema, tukiwa tumezunguka sinia la wali. Hakumtaja Pili wala maneno ya barazani. Alisema tu, akimchambua samaki miba na kumwekea Neema minofu, "Vinu vyote vilikuwa vimelia. Wananisubiri mimi. Nikinyamaza, watatoka kukutafuta wewe, mwanangu, na watakukuta unatoka porini gizani. Nikaona bora nipige." Akapangusa vidole. "Na nilidhani nikipiga, mtakuwa mmefika."

Nimeandika mambo mengi tangu hapo, na hakuna sentensi niliyoitafuta kama hiyo. Nimejua baadaye kwamba hofu ya simba ina mwisho. Mtu alimpiga risasi, watu wakaja kumtazama amelala kwenye mchanga, mwembamba kuliko tulivyomwota, jino moja limeoza. Ile nyingine haipigwi risasi. Ilikaa barazani kwetu, ikasuka mikeka, ikatuuliza hali. Kwa muda wa vinu vichache shangazi aliipa hiyo ya pili nafasi ya kwanza, halafu akaenda uani akaivua mbele ya watu wote, kichwa wazi.

Jioni ya jana, wageni walipokwisha kuondoka, tulibaki wawili, Neema na mimi. Adhana ilikuwa imekwisha. Mwanga ulikuwa unapanda ukuta wa jiko na kuishia. Sasa kijijini kuna umeme, watu wanarudi wanapotaka, pikipiki zinapita hadi usiku, na vinu vingi vimekuwa kuni. Nilimwondoa kuku, nikatoa mayai yake nikayaweka kwenye kanga. Nikasimamisha kinu. Mchi ulikuwa palepale ukutani.

"Tumetimia?" Neema akauliza.

Nikautazama mlango wa chumba cha shangazi, uliofungwa, kandambili zake bado ziko nje zimetazama ndani.

"Hatujatimia," nikasema.

Nikauinua mchi, nikapiga mara tatu. Kilikohoa vilevile. Tukasimama tukisikiliza sauti ikienda upande wa korongo, na mwisho wa njia, kwenye nyumba ya kwanza, komeo likavutwa. Mlango wa Bi Pili ukafunguka, mwanga ukamwagika njiani, na yeye, kikongwe sasa, akatoka na mkongojo akasimama kizingitini. Hakuuliza ni nani. Alisimama hapo ameuacha mlango wazi, mpaka giza likaingia kabisa.